Sentimita Tano

28 Juni
Presha 152 kwa 96. Muuguzi wa zahanati ameniambia niandike namba hii kila asubuhi mpaka mvua zirudi, na daftari kanipa mwenyewe. Nikamuuliza kurasa zote hizi za nini wakati namba inachukua mstari mmoja. Akasema niandike na yaliyotokea siku hiyo, ili ajue presha inapandishwa na nini. Ningemjibu palepale kwamba inapandishwa na mume wangu, ila niliona haya.

Basi tuanze naye. Mume wangu ni fundi bomba. Mtaani wanamwita Soketi, kwa sababu mifuko yake haikosi soketi tatu nne, vile vipande vya kuunganishia mabomba. Kwake yeye kitu kisipofika, kinaongezwa. Mpini wa ufagio ulikuwa mfupi, akauongezea bomba. Kamba ya kuanikia haikufika ukutani, akaipa bomba. Mimi ni fundi cherehani, nashona chumba cha mbele mlango ukiwa wazi, na kazi yangu kubwa ni kupunguza. Ndivyo tulivyoishi miaka ishirini na sita.

Miaka mitatu iliyopita alijinunulia darubini ya lenzi, ndogo, bomba jeupe lisilozidi urefu wa mkono wangu, juu ya miguu mitatu. Jioni mbingu ikiwa safi anaitoa uani, anaangalia, kisha ananiita: njoo uone. Naacha cherehani, naenda, nainama. Na hapa naandika jambo ambalo sijamwambia mtu. Sioni kitu.

Darubini inataka jicho moja, nami sijui kufumba jicho moja. Nikifumba la kushoto, la kulia linafuata. Nikiliziba kwa kiganja, naona kope zangu mwenyewe na weusi unaoteleza. Siku ya kwanza alikuwa na furaha mno, nikasema nzuri sana. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kusifu. Nasubiri yeye aseme kwanza ameona nini, kisha nayarudia kwa maneno yangu. Mashimo ya mwezi nimeyasifu. Pete za sayari nimezisifu mpaka nikaona aibu. Naogopa nikisema kweli ataacha kuniita, na mimi napenda kuitwa.

29 Juni
150 kwa 94. Hakuna jipya. Suruali nne.

4 Julai
149 kwa 95 asubuhi. Ya jioni nisiulizwe.

Kifurushi kimefika. Kumbe aliagiza kitu miezi miwili iliyopita akakaa kimya, mtu ambaye hajui kuficha hata njaa. Ndani ya boksi kuna kifaa cheusi chenye tundu moja upande mmoja na macho mawili upande wa pili. Kinachomekwa kwenye darubini pale panapokaa lenzi ya jicho, mwanga unaingia, unagawanywa kwa vioo vya ndani, unatoka njia mbili.

"Unaangalia kwa macho yote mawili," alisema. Alikuwa anaangalia boksi, si mimi.

Nilifurahi na kuogopa kwa pamoja. Nilifurahi kwa sababu macho mawili ninayo na yote yanafumbuka. Niliogopa kwa sababu nikiona kweli, sura yangu itasema yenyewe kwamba ni mara ya kwanza.

Jioni mwezi ulikuwa nusu, juu kabisa, jua halijapotea sawasawa. Akafunga kifaa, akainama, akazungusha kile kigurudumu cha kusogeza lenzi ndani na nje. Kilichoonekana, anasema, ni ukungu mweupe, taa nyuma ya pazia. Akazungusha mpaka kigurudumu kikagoma. "Haifiki," akasema. Na mkono ukaenda mfukoni.

5 Julai
151 kwa 95. Ameweka kipande kimoja kati ya darubini na kifaa. Ukungu umekuwa mkubwa zaidi. Amefurahi, anasema mwezi unakuja.

9 Julai
147 kwa 93. Kipande cha pili.

20 Julai
148 kwa 93. Upepo na vumbi wiki nzima, na mwezi siku hizi unatoka sisi tumeshalala. Darubini imehamia sebuleni, imeongezwa mpaka haiwezi kugeuka bila kugonga kabati. Wifi yangu, dada yake mkubwa, msusi mwenye saluni mtaa wa pili, alikuja akaikuta. Aliizunguka, kisha akauliza kama maji yanatoka.

Mume wangu hakucheka. Akaeleza kwamba kila akiongeza kipande mwezi unakua, maana yake unakaribia, kwa hiyo imebaki kidogo. Wifi akaniangalia mimi. Nikajishughulisha na uzi.

2 Agosti
146 kwa 92. Mwezi umerudi jioni, lakini kuna mawingu. Amekaa uani na vipande vyake mpaka chai ikapoa.

3 Agosti
158 kwa 97, nimepima usiku, na najua sababu.

Ameng'oa vipande vyote, akafunga lenzi ya kukuzia mdomoni mwa kile kifaa. Muuza vifaa alimwambia kwa simu kwamba itasaidia, na kweli ilisaidia. Picha ikakaa sawa. Shida, ilikuzwa kupita kiasi. Ukipumua karibu inatetemeka, na mwezi unakatiza ukapotea kabla hujahesabu kumi. Alikuwa anapapasa darubini huku na huku, anaukamata, unamponyoka. Mwishowe akaupata, akaniita kwa sauti ya mtu aliyebeba sufuria ya moto.

Nilikimbia na futi yangu shingoni. Nilipofika nikaweka macho yote mawili, kwa mara ya kwanza bila hila yoyote. Mwezi ulikuwa umeshakwenda. Weusi mtupu kushoto, weusi mtupu kulia.

Na mimi, mtu mzima, nikasema nzuri sana.

"Umeona nini?" akauliza. Hajawahi kuniuliza hivyo.

"Mashimo," nikasema. "Yanang'aa."

Aliniangalia kidogo, akasema haya, akaanza kukunja miguu ya darubini. Hakuwa amekasirika. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya. Alikuwa amechoka usoni, na nilijiona mdogo kuliko kifungo.

10 Agosti
150 kwa 94. Sare za shule, kumi na moja. Hajaigusa darubini.

17 Agosti
155 kwa 96.

Leo wifi alikuja kupimwa gauni. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma yake nikipanga pindo, pini sita mdomoni. Mtu mwenye pini mdomoni hawezi kujibu, na wifi anajua hilo, ndiyo maana mambo yake yote ananiambia wakati huo.

Akaanza kwa kuuliza yule bwana na bomba lake wamefikia wapi. Kisha akacheka peke yake, mabega yakitikisika hata pindo likanipotea. Akasema:

"Wifi, kaka yangu anakupenda wewe. Mtu gani anasifiwa pete za sayari na kifuniko hakijatolewa, akanyamaza miaka mitatu?"

Nilibaki nimeshika kitambaa. Akaendelea bila kujua amebomoa nini. Kwamba mwaka ule wa kwanza mume wangu alikwenda saluni kwake akicheka hadi machozi. Kwamba jioni ile aliitoa darubini, akasahau kuvua kifuniko cha mbele, akaniita kabla hajaangalia mwenyewe, huku anasema leo ni zile pete. Mimi nikainama nikasema lo, pete zinavyopendeza. Yeye alipoinama baada yangu akakuta giza. Akakivua kifuniko kimyakimya nilipoingia ndani.

Nilizitoa pini moja moja nikazichomeka kwenye mto wa pini. Nikamwambia wifi pindo limekaa vizuri, aje Jumatano. Alipoondoka nikafunga mlango wa mbele, jambo nisilolifanya mchana.

Kwanza nilikasirika. Miaka mitatu anajua, na kila jioni ananiita, ananiacha nisifu kama redio. Nilipanga maneno ya kumwambia, mengine makali. Kisha nikakumbuka lile boksi, na namna alivyoliangalia badala ya kuniangalia mimi. Yeye hakuhitaji macho mawili. Anafumba jicho moja vizuri tu, tangu nimfahamu, hata kanisa zima lilimwona akinikonyeza siku ya ndoa. Kifaa kile alikiagiza kwa ajili yangu.

Nililia kidogo, halafu nikafungua mlango, kwa sababu mteja alikuwa anagonga.

18 Agosti
160 kwa 98. Muuguzi, usiulize. Sijamwambia mume wangu kwamba najua. Ameniuliza kama naumwa, nikasema kichwa.

21 Agosti
151 kwa 94.

Leo nimeacha kazi za watu nikafanya yangu. Sasa nataka kuona. Siku zote nilitaka kupendeza tu, na ni vitu viwili tofauti.

Ilianza na mteja. Karani wa posta ameleta suruali, akavaa, miguu ikamwagika mpaka sakafuni. Nilipokuwa nakunja chini nikafikiria: mimi ningekuwa mume wangu, huyu ningemwongezea viatu virefu. Nikasimama na chaki mkononi. Vipi kama darubini haikuwa fupi? Vipi kama ilikuwa imezidi?

Nikachukua lenzi yangu ya kutungia sindano, nikaisimamisha mbele ya ukuta mweupe unaotazamana na dirisha. Ukutani dirisha likajichora, dogo, kichwa chini. Nikisogeza lenzi kidogo mbele au nyuma, picha inakufa, inakuwa ukungu, na nikizidi kuisogeza ukungu unavimba. Unavimba tu, haukaribii kitu. Picha safi inakaa mahali pamoja, na jicho ndilo linatakiwa liifuate hapo.

Nikaitoa darubini uani. Nikailekeza kwenye tangi la maji la hospitali, lile la juu ya mnara, upande ambao jua halipo, maana hilo mume wangu kanikataza kuliko moto. Nikang'oa kila kitu cha nyuma, nikasukuma kigurudumu ndani kabisa, nikashika karatasi yangu ya kuchorea patani za nguo nyuma ya tundu. Tangi likatokea kwenye karatasi, kichwa chini, na ngazi zake. Nikapima kwa futi: sentimita kumi na nne kutoka mwisho wa bomba.

Kisha nikaitafuta ile karatasi iliyokuja ndani ya boksi. Aliitupa kwenye droo siku ya kwanza, wanaume na maelekezo wana ugomvi. Lugha siijui, lakini kuna mchoro wa kifaa, mshale unaopinda ndani yake, na namba 110. Milimita. Mwanga ukipita humo unatembea sentimita kumi na moja kabla haujafika jichoni. Na elbo, kile kiwiko chenye kioo kinachopinda mwanga juu ili mtu asivunje shingo, nimekipima mwenyewe: saba.

Kumi na moja na saba, kumi na nane. Picha inakaa kumi na nne. Inatua ndani ya kifaa, mbele ya macho yetu, na sisi tunaiongezea mabomba.

Nilicheka peke yangu uani. Karani wa posta alikuja kuuliza suruali yake, nikamwambia aje kesho.

22 Agosti
149 kwa 93. Nimemwambia wakati wa chai. Nilimwonyesha lenzi na ukuta, karatasi na futi. Akachukua kalamu, akajumlisha mwenyewe mara tatu. Halafu akatoa soketi mfukoni, moja baada ya nyingine, akazipanga mezani mbele yangu kama mtu anayesalimisha silaha.

Tukaijaribu bila elbo. Kumi na moja ndani ya kumi na nne, inafika. Ilibidi alale chali uani, maana bila kile kiwiko unaangalia moja kwa moja kutoka nyuma ya bomba. Akatafuta ndege aliyekuwa kwenye waya. Akasema anamwona mdomo. Akasema tena, kwa sauti ndogo, anamwona mdomo. Akataka nilale nami nione. Nikamwambia kwa mgongo huu nikilala hapo mtanitoa kwa kreni, na kwamba kuna njia nyingine. Bomba likatwe.

"Hapana," akasema. Akaingia ndani.

2 Septemba
148 kwa 92. Mwezi wa nusu umekuja na unakwenda. Haongezi, hakati. Jana wakati wa chakula cha usiku alisema kwamba katika kazi yake bomba ukilikata limekatwa, na darubini hii ndiyo kitu pekee alichowahi kununua ambacho si cha kazi wala cha watoto. Nikamwelewa. Nikamwambia mimi nakata vitambaa vya watu kila siku, na kila mara napima tena kabla mkasi haujagusa, mpaka leo.

Nilitaka kumwambia la kifuniko. Maneno yalifika mdomoni yakarudi.

12 Septemba
145 kwa 91.

Amekubali. Ameamka, akasema, "Weka alama wewe. Mkono wako umenyooka." Ni sifa ya kwanza ya kazi aliyonipa tangu nishone mapazia ya sebuleni.

Tuliing'oa lenzi ya mbele kwanza, ili unga wa chuma usiingie, nikaifunga kwa kipande cha mahameli kilichobaki kwenye gauni la wifi. Nyuma akalegeza skrubu tatu, sehemu yenye kigurudumu ikatoka nzima. Likabaki bomba tupu, jeupe, jepesi. Inayopungua ni sentimita nne, nikakata shauri tano, ili ibaki nafasi ya kuchezea. Nikazungushia bomba ukanda wa karatasi mpaka ncha zikakutana bila kupishana, ndiyo njia ya kupata mduara ulionyooka. Akasema na wao hufanya vivyo hivyo kwenye mabomba makubwa. Miaka ishirini na sita na hatukujua kwamba tuna ujanja mmoja.

Nikapitisha chaki. Akashika msumeno, akaniangalia, nikashika bomba kwa mikono miwili. Alikata taratibu kuliko nilivyowahi kumwona akikata kitu. Pete ya sentimita tano ikaanguka mezani ikazunguka, ikalala. Akalainisha ukingo kwa tupa, akatoboa matundu matatu mapya, akarudisha kila kitu mahali pake.

Halafu akagundua jambo. Kwamba sasa, akitaka kuangalia kwa jicho moja kama zamani, bomba ni fupi, lazima aongeze kipande. Sijawahi kuona mtu akifurahi hivyo. Soketi imerudi mfukoni.

13 Septemba
144 kwa 90. Mwezi haupo jioni. Tunasubiri.

24 Septemba
146 kwa 91. Mawingu ya kwanza. Muuguzi ameangalia daftari, akasoma kurasa mbili, akasema namba zinashuka, na je, tumeona?

28 Septemba
147 kwa 92. Mwezi mwembamba nyuma ya mawingu. Mvua zikianza ni miezi miwili hakuna kitu.

30 Septemba
148 kwa 93. Manyunyu.

1 Oktoba
Presha sikupima.

Saa kumi upepo ukaamka, ukasomba mawingu yote upande mmoja. Mwezi wa nusu ukawa wazi, mweupe kwenye anga la bluu. Alirudi kazini mapema, viatu vina matope, akaitoa darubini bila hata kunawa. Akafunga elbo, akafunga kifaa. Akainama, akazungusha kigurudumu kidogo nje, sentimita moja tu, kama hesabu ilivyosema. Akatulia. Jua lilikuwa linazama na vivuli vya mashimo, nadhani, vilikuwa vinaanza kuonekana vizuri. Hakusema ameona nini. Akasimama pembeni akanisogezea kiti.

Nikakaa, nikaweka macho yote mawili. Nilichokiona si mwezi mmoja. Na Mungu anisamehe, mdomo ulikuwa umeshafunguka kusema nzuri sana.

"Naona miwili," nikasema.

"Rudia."

"Miezi miwili. Mmoja kushoto, mmoja kulia. Na wa kulia una ukungu."

Akavuta pumzi. Akasema ni sawa, kifaa kimekaa kwa kipimo cha uso wake, na uso wake ni mpana. Akashika zile nusu mbili, akazibana taratibu huku mimi nimeinama, vidole vyake vinanukia gundi ya mabomba. Ile miezi ikaanza kusogeleana. Akaniambia nizungushe lenzi ya kulia mwenyewe mpaka ukungu uishe. Nikazungusha. Miwili ikagusana, ikaingiana, ikawa mmoja.

Sijui niandikeje. Ulikuwa mviringo. Picha za kalenda zinauonyesha kama sahani, huu, ingawa nusu, ulikuwa mviringo kama chungwa, umening'inia mbele yangu, kwa macho yangu yote mawili, na mashimo yake yana kina. Nilisahau kusifu. Nilikaa tu. Baadaye nikasikia sauti yangu ikizungumza.

"Kuna kitone," nikasema. "Pale gizani, nje ya ukingo wa mwanga. Kinawaka peke yake, hakijaungana na wenzake."

Akainua macho juu.

"Ni ncha ya mlima," akasema. "Jua limefika juu, chini bado ni usiku." Kisha akasema, "Hicho sijawahi kukuambia."

"Hujawahi."

Sikuinua kichwa, ilikuwa rahisi zaidi kusema nikiwa naangalia huko. Nikamwambia najua habari ya kifuniko. Nikamwambia nilidanganya kwa sababu niliogopa ataacha kuniita. Akajibu kwamba na yeye alinyamaza kwa sababu aliogopa nikiambiwa nitaacha kuja. Tukawa wapumbavu wawili, uani, miaka mitatu.

"Nilikuwa naangalia peke yangu," akasema. "Hata ukiwa umekaa hapo."

Nilimshika mkono bila kutoa macho. Baadaye aliomba naye aone. Nikamwambia asubiri. Akaomba tena, nikamwambia kitone kimepata mwenzake, asubiri. Akaenda akanawa, akaleta kiti cha pili, akakaa karibu, nami nikawa namsimulia kinachoonekana, kimoja kimoja, na yeye akawa anasifu.

Mawingu yalirudi giza lilipoingia sawasawa. Yeye alibeba miguu mitatu, mimi nikabeba bomba. Kifuniko nilikirudisha mwenyewe.